Kahawa Inywewe Ilikozaliwa



Katika Kiswahili tunalo neno "mkahawa", na asili yake haina mafumbo: ni mahali panapouzwa kahawa. Lakini hebu ingia katika mkahawa wowote wa mtaani saa mbili asubuhi, utazame meza za watu. Utaona chai ya maziwa, chai ya rangi, chapati na maandazi. Ukiagiza kahawa, mara nyingi utaletewa maji ya moto, kopo la kahawa ya unga na kijiko. Jina limebaki, mwenye jina kahama.

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya mji mmoja ambako mwenye jina amerudi kwake. Mji huo ni Antigua, nchini Guatemala, Amerika ya Kati. Tusiuchanganye na kisiwa cha Antigua kilichoko katika bahari ya Karibi.

Antigua ni mji wa kale wa wakoloni wa Kihispania. Waliuanzisha mwaka 1543, baada ya makao yao yaliyotangulia, karibu na hapo, kuangamizwa na maji na matope yaliyoporomoka kutoka mlima Agua mwaka 1541. Kwa zaidi ya miaka 200 walitawala sehemu kubwa ya Amerika ya Kati kutokea hapo. Tarehe 29 Julai, 1773 tetemeko kubwa la ardhi liliubomoa, na mwaka 1776 makao makuu yakahamishiwa mahali lilipo leo jiji la Guatemala. Magofu ya makanisa na nyumba za watawa yangalipo, na mwaka 1979 UNESCO iliuingiza mji huo katika orodha ya urithi wa dunia.

Mgeni anayeutembelea leo hukuta njia za mawe, nyumba fupi zenye kuta za rangi na vyuma madirishani, na nyuma ya kila mlango mkubwa ua wenye maua na chemchemi. Katika nyua hizo ndimo ilimo mikahawa mingi ya mji. Nayo si ya kahawa ya kopo. Katika ile iliyo bora, buni hukaangwa humo humo au karibu na hapo, husagwa pale pale unapoagiza, na unga hupimwa kwa mizani kama dawa. Ubaoni huandikwa bonde ilikotoka, jina la shamba, na hata jinsi matunda yalivyokaushwa.

Ukibahatika kufika, usikimbilie sukari wala maziwa. Onja kwanza ikiwa tupu. Kisha nenda mkahawa wa pili, uagize kahawa ya bonde jingine, kwa mfano ya Huehuetenango, ulinganishe. Utagundua kwamba kahawa si uchungu mtupu: ipo yenye ukali kidogo kama wa chungwa, ipo yenye utamu wa mbali kama wa sukari guru. Utamu huo hautoki kwa mhudumu peke yake. Mibuni ya Antigua hukua kwenye udongo wa volkano, mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, ambako usiku una baridi na tunda hukomaa polepole. Juu yake hupandwa migrevilea ili kuikinga na jua la mchana na baridi kali ya usiku. Wasikilizaji wa Moshi na Arusha watatabasamu hapo, maana mgrevilea wanaufahamu, na udongo wa volkano wanaukanyaga kila siku.

Lakini, ndugu msikilizaji, uzuri wa ua na harufu ya kahawa visitusahaulishe jinsi zao hili lilivyofika pale lilipo. Kabla ya kahawa, utajiri wa bonde hilo ulikuwa wadudu wadogo wanaofugwa juu ya mipungate, ambao wakikaushwa hutoa rangi nyekundu ya kutilia nguo. Mwaka 1856 kijana wa Kiingereza, William Perkin, akatengeneza rangi ya nguo kwa kemikali. Rangi za viwandani zikaja kwa wingi, soko la wadudu likafa, na mipungate ikang'olewa kuipisha mibuni. Uamuzi wa mtu katika maabara ya London ukabadili mashamba ya watu ambao hakupata kuwaona.

Kisha mashamba makubwa yakataka mikono. Mwaka 1877 serikali ya Rais Justo Rufino Barrios ikatoa sheria iliyowaruhusu watawala wa wilaya kuwapeleka Wamaya mashambani kwa nguvu. Kazi ya kulazimishwa, kwa jina hili au lile, iliendelea mpaka miaka ya 1940. Sisi ambao wazee wetu walitawaliwa na Wajerumani na Waingereza hatuhitaji kuelezwa maana ya jambo hilo.

Na katika miaka yote hiyo buni bora ilikwenda melini. Mwenyeji alikunywa makapi. Ndiyo maana nasema mikahawa ile ni jambo kubwa kuliko starehe ya watalii. Ni dalili kwamba nchi inayolima imeanza kujua thamani ya kitu inachokilima. Hata sifa zimefuata. Katika mashindano ya dunia ya watayarishaji wa kahawa, mwaka 2011 alishinda mtu wa El Salvador, wa kwanza kutoka nchi inayolima kahawa. Mwaka uliofuata, 2012, akashinda Raúl Rodas wa Guatemala.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Kilo sita hivi za matunda mekundu hutoa takriban kilo moja ya buni. Buni hiyo ikikaangwa hupungua, ikabaki kama gramu 850. Ukitumia gramu 15 kwa kikombe, unapata vikombe zaidi ya 50. Mchumaji hulipwa kwa uzito wa kapu. Mwenye mkahawa hulipwa kwa kikombe. Kati ya kapu na kikombe ndipo pesa ilipo, na ndipo mkulima mdogo asipokuwapo.

Katika kijiji cha San Miguel Escobar, nje kidogo ya Antigua, wako wakulima wadogo walioliona hilo. Wameungana, wanakaanga sehemu ya kahawa yao wenyewe, na huwapeleka wageni shambani, wakawaonyesha kuchuma na kukoboa, kisha wakawakaangia kahawa jikoni kwao. Mgeni hunywa kikombe akiwa anamtazama usoni aliyekilima. Hawakuwa matajiri kwa hilo, lakini wameuvuka mto waliokatazwa kuuvuka.

Je, sisi? Kilimanjaro tulikuwa na ushirika wa wakulima wa kahawa tangu miaka ya 1920, na KNCU ikaandikishwa mwaka 1933. Mafundisho hatukuyakosa. Hata hivyo, sehemu kubwa sana ya kahawa yetu inaondoka ikiwa buni mbichi, ikakaangwe na kutiwa jina kwingine. Mpango wa kimataifa wa mgao wa mauzo ulipovunjika mwaka 1989, bei ilianguka, na mwaka 2001 ikashuka chini ya nusu dola ya Marekani kwa ratili. Wakulima wetu wengi waling'oa mibuni wakapanda mahindi na nyanya. Nani angewalaumu? Mtu hawezi kulilinda zao ambalo thamani yake anaisikia redioni tu.

Siku hizi ipo mikahawa mizuri ya kahawa ya kwetu Moshi, Arusha na Dar es Salaam. Hilo ni jema. Ila tazama waliokaa: wengi ni wageni. Na hatukukosa mila ya kunywa kahawa. Pwani muuza kahawa hupita na dele lake la moto akigonganisha vikombe, watu wakakaa barazani na kashata, wakazungumza hadi usiku. Bukoba buni hutafunwa kwa heshima ya mgeni. Tunachokosa ni mazoea ya kuuliza.

Basi nawaachieni maswali matatu ya kumwuliza mwenye mkahawa, awe wa Antigua au wa Kariakoo. Kahawa hii imelimwa wapi? Imekaangwa lini? Na aliyeilima kapata nini? Akiweza kujibu yote matatu, mlipe kwa moyo mweupe. Asipoweza, kunywa, lakini rudi kesho umwulize tena. Mnunuzi anayeuliza humfanya muuzaji atafute jibu, na njia ya kulitafuta inapita shambani.