Tumchukie Mama?



Katika Luka 14:26 Bwana Yesu aliyaambia makutano kwamba asiyemchukia baba yake na mama yake hawezi kuwa mwanafunzi wake. Neno hilo ni gumu, tena limewaumiza watu. Wako vijana waliookoka wakalishika jinsi lilivyo, wakaacha kumpelekea mama hata sukari ya robo kilo, eti kwa sababu yeye bado ni mtu wa dunia. Mama analala na njaa, na mwanawe anadhani anamtii Mungu.

Ndugu yangu, sikiliza jinsi watu wanenavyo. Mama akimwita mtoto mara tatu asiitike, hupaza sauti: "Nitakuua leo!" Je, mtoto hukimbilia polisi? Hapana, hukimbilia mtungi akateke maji. Amejua kwamba mama amekasirika kweli, na amejua kwamba hakuna atakayeuawa. Huko ndiko kupiga chuku: kulikuza neno kupita kadiri yake ili msikilizaji ashtuke. Si uongo, kwa maana hakuna anayedanganywa.

Bwana Yesu alinena hivyo mara nyingi. Alitaja ngamia na tundu la sindano, akataja boriti ndani ya jicho. Ni nani aliyewahi kuona jicho lenye boriti?

Sasa fungua Mwanzo 29. Mstari wa 30 wasema Yakobo alimpenda Raheli kuliko Lea. Mstari unaofuata, katika Kiebrania, wasema Lea "alichukiwa". Lakini Lea huyo huyo alimzalia Yakobo wana sita! Basi kuchukia hapo ni kupendwa kwa kadiri ndogo. Naye Mathayo, katika 10:37, ameandika fundisho kama hilo bila chuku: tusimpende baba wala mama kuliko Kristo.

Tena soma Marko 7. Huko Bwana aliwakemea vikali watu walioiita mali yao Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, wapate kuwanyima wazazi wao. Dini yao iliwatoa mama zao chakula kinywani. Kijana, je, hiyo sukari uliyoizuia ina tofauti gani na Korbani?

Lakini usiseme, "Kumbe ni chuku tu," ukajilalia. Mtu hupiga chuku penye jambo zito. Yuko binti ambaye baba yake amemwambia achague, ubatizo au nyumbani. Yeye hahitaji kufafanuliwa neno hili. Analijua uzito wake. Na akichagua ubatizo, bado atampelekea baba dawa akiugua, hata akifukuzwa mlangoni.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutatazama Mathayo 5:30, habari ya kuukata mkono. Mpaka hapo, panga na likae ukutani.