Ajira za mafundi baada ya ujenzi
Ajira za ufundi stadi nchini Tanzania hufuata miradi mikubwa. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na kuliunganisha kunahitaji wachomeleaji waliopimwa na kuthibitishwa. Kazi hiyo hukoma bomba linapofukiwa. Ajira ya kudumu zaidi imo katika matengenezo. Reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, huendeshwa kwa umeme. Nyaya, mitambo ya ishara na mabehewa yake yatahitaji mafundi kwa miongo mingi. Umeme uliofika vijijini nao umezaa kazi za kutandaza nyaya majumbani na kutengeneza majokofu.

Kikwazo kinachoumiza zaidi ni cheti. Fundi aliyejifunzia gereji, hata kama kazi yake ni safi, hukosa nafasi kwa mkandarasi anayedai karatasi. VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kuwapima mafundi wa aina hiyo, kuwaongezea ujuzi pale walipopungukiwa, kisha kuwapa vyeti. Utaratibu huo unastahili bajeti kubwa kuliko ile ya majengo mapya, kwa kuwa mafundi wengi tayari wako kazini.