Michango ya Moyo Isiishie Barabara Kuu

Juma hili tuzungumze habari ya baiskeli na mioyo ya watoto.

Mtindo wa kuchangisha fedha kwa jasho umeingia nchini mwetu. Mwaka 2020 mbio za Benki ya CRDB pale Dar es Salaam zilikusanya fedha za upasuaji wa moyo kwa watoto katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, JKCI. Huko nje wako wanaopanda baiskeli na kwenda mamia ya kilomita, huku ndugu na marafiki wakiahidi fedha kwa kila kilomita.

Wapo wanaouliza: kwa nini wasitoe fedha tu, wakabaki nyumbani? Sisi tunaojua michango ya harusi tuna jibu. Kadi ya harusi huipokea hata asiye na nauli ya kesho, maana aliyeileta anamjua, na kamati itamfuata. Mtoto mgonjwa wa Kwamsisi hana kamati. Jasho la mwendesha baiskeli ndiyo kadi yake. Kwa hiyo nawaunga mkono.

Lakini nina neno moja. Anayeendesha baiskeli kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi hupita Mkata, Kabuku na Segera, ardhi ya Handeni, kisha huingia Korogwe penye mikonge na Mto Pangani. Jua kali, vilima haviishi, na mabasi yanamsukuma pembeni. Pembeni humo atakutana na vijana wenye baiskeli zilizopakia magunia ya mkaa, na wengine madumu ya maji. Chombo ni kilekile. Kwa mmoja ni mchezo, kwa mwingine ndicho kinachompeleka mgonjwa zahanati.

Nikiwa kazini katika kijiji kimoja cha Handeni, mbali na lami, nilizungumza na mama mwenye mtoto mdogo. "Kaka, huyu akinyonya jasho linamtoka kama anayelima," aliniambia. Alikuwa ametibiwa kichomi mara nne. Nilipomwambia habari za Bombo na Muhimbili, hakuniuliza bei ya upasuaji. Aliuliza nauli, na mahali pa kulala.

Hapo ndipo penye fundo. Duniani kote, karibu mtoto mmoja katika kila 100 huzaliwa na kasoro ya moyo. Tanzania huzaliwa watoto zaidi ya milioni 2 kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe. Si wote watakaohitaji kisu, kwani tundu dogo huweza kujifunga lenyewe. Lakini tundu kubwa likiachwa, damu husukumwa kwa nguvu mapafuni miaka nenda rudi, mishipa ya mapafu hukakamaa, na hufika siku upasuaji wenyewe hauwezekani tena. Fedha zikija siku hiyo, zimechelewa.

Kabla ya mwaka 2008, upasuaji wa moyo ulipoanza Muhimbili, watoto wetu walipelekwa India na kwingineko. Mwaka 2015 JKCI ikawa taasisi inayojitegemea. Zamani kikwazo kilikuwa bahari. Leo, kwa mtoto wa Korogwe, ni karibu kilomita 300 za barabara, na zahanati inayomwita mgonjwa wa kichomi kila anapohema.

Basi wenye kuandaa misafara hii nawaomba mambo matatu. Kwanza, fungu la fedha hizo liwe la nauli na malazi ya mama na mtoto. Pili, lisaidie madaktari wa moyo kufika wilayani na mashine zao. JKCI imekuwa ikifanya tiba mkoba mikoani. Michango yetu iifikishe mpaka ndani ya Handeni. Tatu, wahudumu wa zahanati wakumbushwe dalili: mtoto asiyeongezeka uzito, anayehema haraka, anayetoka jasho akinyonya, mwenye midomo ya bluu. Na yule mkubwa kidogo anayeumwa koo apimwe, akihitaji penisilini apewe, maana koo lisilotibiwa huweza kuleta homa ya baridi yabisi, nayo huharibu milango ya moyo. Sindano hiyo ni rahisi kuliko upasuaji wowote.

Najua upasuaji hupigwa picha vizuri, na nauli ya basi haipigwi picha. Mfadhili hupenda kuonyeshwa mtoto aliyepona. Lakini ili apone, lazima kwanza aonekane, na wa kumwona yuko kijijini.

Nawe msikilizaji, kadi ya mchango ikikufikia, toa. Kisha uliza: mtoto huyu atafikaje Dar? Usipopata jibu, uliza tena.

Kwa juma hili naishia hapo.