Kabla ya Kuvaa Joho: Majaji wa Rufani Hutoka Wapi?



Jaji wa Rufani hamwoni shahidi. Shahidi alikwisha kuapa, akahojiwa, akatokwa jasho na kurudi kwake, pengine miaka kadhaa kabla jalada la shauri halijawekwa mbele ya majaji watatu wa Mahakama ya Rufani. Kinachowafikia majaji hao ni karatasi: mwenendo wa shauri kama ulivyoandikwa na hakimu, hukumu za mahakama za chini, na hoja za pande mbili zinazopingana. Kwa karatasi hizo hutamka neno la mwisho juu ya shamba la mtu, ndoa yake, ajira yake, na mara nyingine uhai wake.

Kwa sababu hiyo, kuuliza jaji alilelewa wapi na alipitia kazi gani kabla ya kuvaa joho ni jambo zito linalomhusu kila raia. Karatasi haisemi yenyewe. Husemeshwa na anayeisoma. Mkulima anapoeleza mpaka wa shamba lake kwa kutaja mwembe, mfereji na kaburi la babu, msomaji mmoja ataona ushahidi ulio wazi, na mwingine ataona maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Wote wawili wanaweza kuwa na shahada ya sheria.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano inaweka masharti ya jumla. Jaji wa Rufani huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Jaji Mkuu, naye sharti awe mtu mwenye sifa za kuwa Jaji wa Mahakama Kuu. Sifa hizo ni pamoja na shahada ya sheria, na muda usiopungua miaka kumi katika kazi ya uhakimu, utumishi wa umma wenye sifa za uwakili, au uwakili wenyewe. Umri wa kustaafu ni miaka 65. Milango basi ni mitatu, na sheria haiupendelei hata mmoja. Yafaa kuchunguza waliopita katika milango hiyo walikuwa watu wa namna gani.

Lakini kwanza tutazame hali ilivyokuwa kabla yao. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliundwa na Waingereza mwaka 1902, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikapokea rufani kutoka Tanganyika pia. Majaji wake walikuwa watumishi wa himaya waliohamishwa kutoka koloni moja hadi jingine. Walikuwa na elimu ya sheria, na baadhi yao walikuwa hodari sana katika kazi yao. Hata hivyo, walimsikia mwananchi kupitia mkalimani, tena mwananchi huyo alikuwa mmoja kati ya wengi wasiofika kwao kabisa. Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya mwaka 1929 iliziweka mahakama hizo chini ya maofisa wa utawala. Rufani ya mkulima ilikwenda kwa Bwana Shauri wa wilaya, kisha kwa mkubwa wa jimbo, kisha kwa Gavana. Haikufika Mahakama Kuu. Ngazi zilikuwa mbili, na aliyezaliwa chini ya moja hakuweza kuvuka kwenda kwenye nyingine.

Mwafrika aliyetaka kusoma sheria hakuwa na chuo cha kusomea katika Afrika Mashariki yote. Ilimbidi avuke bahari, na serikali ya kikoloni haikuwa na haraka ya kumsaidia nauli. Ndiyo maana mwaka 1961 una uzito katika historia hii. Mwaka huo ilitolewa ripoti ya kamati iliyoongozwa na Lord Denning wa Uingereza kuhusu elimu ya sheria kwa wanafunzi kutoka Afrika, na mwaka huo huo Kitivo cha Sheria kikafunguliwa Dar es Salaam, katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Miaka miwili baadaye, Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963 iliunganisha zile ngazi mbili kuwa moja: Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, hadi Mahakama Kuu. Shauri la kijijini sasa liliweza kupanda. Ikabaki kupatikana watu wa kulisoma likifika juu.

Francis Nyalali alikuwa mmoja wa watu hao. Alizaliwa mwaka 1935, wakati zile ngazi mbili bado zimesimama. Alisoma Makerere, kisha akaenda London, katika Lincoln's Inn, kupata sifa za uwakili. Aliporudi hakuanzia juu. Alikuwa hakimu mikoani, akisikiliza mashahidi kwa masikio yake na kuandika mwenendo kwa mkono wake. Baadaye alikiongoza chombo cha kudumu cha kusuluhisha migogoro ya wafanyakazi na waajiri, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Pale alijifunza jambo ambalo vitabu hufundisha kwa shida: kwamba mtu aliyefukuzwa kazi na bwana aliyemfukuza wanaweza kueleza tukio moja kwa ukweli mbili, na kila mmoja akaamini hakusema uongo. Katikati ya miaka ya 1970 akawa Jaji wa Mahakama Kuu. Mwaka 1977, kabla hajatimiza miaka 43, akateuliwa kuwa Jaji Mkuu, akashika wadhifa huo hadi mwaka 2000.

Mwaka alioteuliwa ndio mwaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na mahakama yake ya rufani ikafa nayo. Tanzania ikajiundia Mahakama yake ya Rufani mwaka 1979. Baadhi ya waliokalia viti vyake vya awali walitoka katika mahakama iliyokufa, kama Jaji Abdulla Mustafa. Wengine walipanda kutoka Mahakama Kuu. Kwa mara ya kwanza neno la mwisho lilitamkwa na watu waliolifahamu shauri tangu ngazi ya chini.

Tuchukue mfano mmoja. Mwaka 1983 Mahakama hiyo ilikata shauri la mume na mke walioachana. Mke alidai sehemu ya nyumba iliyopatikana wakati wa ndoa. Mahakama ya Mwanzo jijini Dar es Salaam ilikuwa imemnyima, kwa hoja kwamba yeye alikuwa mke tu, na fedha za kununulia nyumba zilikuwa za mume. Mahakama Kuu nayo haikumpa. Shauri likafika mbele ya Jaji Mkuu Nyalali na Majaji wa Rufani Makame na Kisanga. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilisema mahakama itazame mchango wa kila mmoja katika kupatikana kwa mali. Je, kupika, kufua, kulea na kutunza nyumba ni mchango? Majaji walijibu kwamba ndiyo. Walisema sheria ile ilitungwa ili kuondoa dhuluma waliyokuwa wakiipata wanawake ndoa zinapovunjika, na kuisoma kinyume chake ni kuirudisha dhuluma mlangoni.

Mrufani mwenyewe hakupata alichokiomba. Ilithibitika kwamba mume alikwisha kumpa fedha za biashara ya familia, naye akazitumia kwa mambo yake binafsi. Majaji wakaona sehemu yake alikwisha kuipokea. Rufani ikatupwa. Lakini kanuni ilibaki, na tangu siku hiyo hakuna mahakama nchini inayoweza kumwambia mwanamke kwamba kazi ya nyumbani si kazi mbele ya sheria.

Hapa pana somo linalotaka uangalifu. Mtu anaweza kusema upesi kwamba kinachotakiwa kwa jaji ni kuwa karibu na wananchi, basi. Shauri hili linakataa. Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo alikuwa karibu na wananchi kuliko majaji wote. Aliwaona wahusika ana kwa ana na kusema nao kwa lugha yao. Hata hivyo aliona mke tu. Yule jaji wa kikoloni alikuwa na elimu bila ukaribu, na huyu hakimu alikuwa na ukaribu usiosaidiwa na elimu pana. Wote wawili waliweza kukosea. Mahakama ya Rufani huhitaji watu waliobeba vyote viwili kwa pamoja, na watu wa namna hiyo hupatikana kwa safari ndefu.

Safari hiyo si lazima ifuate barabara moja. Augustino Ramadhani alizaliwa Zanzibar mwaka 1945, mtoto wa baba na mama waliokuwa walimu wote wawili. Alisoma sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akajiunga na Jeshi la Wananchi na kupanda hadi cheo cha Brigedia Jenerali. Alikuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar, kisha mwaka 1989 akaingia Mahakama ya Rufani, na kati ya 2007 na 2010 akawa Jaji Mkuu wa Tanzania. Baadaye aliiongoza Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha, na pia alipata upadri katika Kanisa la Anglikana kabla ya kufariki dunia mwaka 2020. Ualimu wa nyumbani, nidhamu ya kambi na sheria ya chuo vilikutana katika mtu mmoja, na hakuna aliyeweza kupanga mapema kwamba vikutane.

Wanawake walichelewa kufika, na kuchelewa huko hakukutokana na upungufu wa akili. Julie Manning alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa sheria wa mwaka 1961, na katika miaka ya 1970 akawa mwanamke wa kwanza kuwa Jaji wa Mahakama Kuu nchini, kisha Waziri wa Sheria. Lakini Mahakama ya Rufani ilikaa zaidi ya miaka ishirini bila mwanamke, hadi mapema katika miaka ya 2000 alipoteuliwa Jaji Eusebia Munuo. Hesabu hiyo ina maana yake. Majaji wa 1983 walioamua juu ya thamani ya kazi ya mke walikuwa wanaume watatu, na waliamua kwa haki. Hata hivyo, mahakama haipaswi kutegemea bahati ya kuwa na wanaume wenye kuona mbali, wakati wanaoijua kazi hiyo kwa mikono yao wamebakia nje ya mlango. Msichana anayeachishwa shule leo ni jaji anayekosekana baada ya miaka arobaini.

Hata yule Lord Denning aliyetajwa hapo juu hakuzaliwa katika joho. Baba yake alikuwa muuza vitambaa katika mji mdogo wa Whitchurch, Uingereza. Alisoma hisabati Oxford, akafundisha hisabati shuleni kwa muda mfupi, ndipo akageukia sheria. Aliingia Mahakama ya Rufani mwaka 1948, na kuanzia 1962 hadi 1982 aliongoza kitengo chake cha madai, akijulikana kwa hukumu zilizoandikwa kwa sentensi fupi ambazo hata mtu asiye mwanasheria aliweza kuzifuata. Mwalimu aliyewahi kueleza mlinganyo kwa watoto ameonja wajibu wa kueleweka.

Ndugu walimu, ndugu watumishi, majukumu yanayotokana na historia hii yako mikononi mwenu.

Kwanza, mwanafunzi mwenye akili ya sheria mara nyingi haonekani kama mwanasheria. Ni yule anayeuliza kwa nini mwenzake kaadhibiwa na yeye kaachwa. Akinyamazishwa kila siku kwa kiboko, atajifunza kwamba haki ni sauti ya mwenye nguvu. Akijibiwa kwa hoja, amekwisha kuianza safari.

Pili, kazi ya chini isidharauliwe. Tangu sheria ya mwaka 1998 iliyokianzisha Chuo cha Uongozi wa Mahakama kule Lushoto, mahakimu na makarani wana mahali maalumu pa kufundishwa kazi yao. Kijana anayepelekwa kituo cha mbali asidhani ametupwa. Huko ndiko atakakosikia yale ambayo miaka ishirini baadaye atayakuta yamekauka katika jalada, naye atajua yalivyokuwa yangali mabichi.

Tatu, kumbukumbu ziandikwe vema. Karani anayeruka ukurasa, au hakimu anayefupisha maneno ya shahidi kwa uvivu, anampofusha Jaji wa Rufani kabla hajalifungua jalada. Kwa miaka mingi mashauri yalisikilizwa kwa Kiswahili chini na kuamuliwa kwa Kiingereza juu, na maana nyingi ilimwagika njiani. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Sasa ni wajibu wa kila anayeshika kalamu kukiandika Kiswahili hicho kwa ukamilifu, kwa maneno ya shahidi mwenyewe.

Raia anapokata rufani, hutoa nauli yake ya mwisho kwa imani kwamba huko juu yuko mtu atakayemwelewa bila kumwona. Mtu huyo leo huenda yumo darasani, dawati la nyuma, ameinua mkono na hajachaguliwa. Mwalimu na amwite.