Waimbaji Mbele ya Jeshi
Hotuba ya Katibu wa Kwaya

Kwa niaba ya kwaya tunawakaribisha katika jubilei yetu ya miaka 25.

Kila mwanakwaya anaijua habari ya mfalme Yehoshafati katika 2 Nyakati 20. Moabu na Amoni walipomjia, alifunga pamoja na watu wake, akakiri mbele za Mungu kwamba hawana nguvu wala hawajui la kufanya. Kisha akawatanguliza waimbaji mbele ya askari. Mara nyingi tumejisifu kwa habari hiyo. Lakini leo tunakiri kwamba kuna vita tulivyoshindwa.

Matokeo ya uchaguzi yalipotangazwa tarehe 30 Desemba 2007, Kisumu iliwaka moto. Maduka yaliporwa, watu wakauawa, na majirani wa makabila mengine wakakimbilia kituo cha polisi. Baadhi yao walikuwa wenzetu wa sauti ya tatu na ya nne, tuliokuwa tukifunga vibanda pamoja soko la Kibuye na kwenda nao mazoezini. Hatukumpiga mtu. Ila tulifunga milango, tukanyamaza.

Mapatano yalipotiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008, tuliimba nyimbo za amani. Mwenzetu mmoja akarudi kuchukua vitu vyake, akatuuliza tulikuwa wapi usiku ule. Hatukuwa na jibu. Ndipo Waefeso 6, tuliyoikariri tangu shule ya Jumapili, ilipotuchoma. Paulo, akiwa kifungoni, anatuonya kwamba hatupigani na wanadamu. Shetani hakutunyang'anya sauti zetu. Alitutia hofu tu, tukamwacha ndugu.

Tulifunga na kuomba siku tatu, tukaungama mbele ya kanisa, kisha tukaanza kuwatafuta wenzetu mmoja mmoja. Wengine tuliwafuata hadi Nakuru, miguu ikitetemeka. Kumkemea Shetani kwa sauti kubwa tulikuwa tumekuzoea. Kusimama mlangoni pa mtu na kusema tumekukosea, hilo tulilipata kwa nguvu za Mungu peke yake. Wengine walirudi. Wengine walitusamehe wakiwa huko huko. Wapo ambao hawakutufungulia, nasi hatuwalaumu.

Mambo ya Walawi 25 inatufundisha kwamba mwaka wa jubilei kila mtu alirudi kwa jamaa yake. Kwa hiyo tumewaalika wenzetu hao, na waliofika leo wameketi katika sauti zao, hawakuketi viti vya wageni. Karibuni nyumbani.

Wapendwa, mwaka 2027 tutapiga kura tena. Waimbaji hutangulia. Tuombeeni, ili siku hiyo, jirani akibisha hodi usiku, milango ya wanakwaya iwe ya kwanza kufunguka.

Mungu awabariki. Amina.