Mpini Ukivunjika Hatutupi Jembe
Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Hola, juu ya kompyuta inayobadilishwa vipande



Tumeombwa tuzungumze juu ya swali ambalo vikundi vingi hapa Hola vinatuletea: je, kikundi kinunue kompyuta ya kukunja, ile laptopu? Swali hili si dogo. Pesa za kununulia ni zile shilingi za kila wiki, zilizotoka kwenye maembe, mbuzi na mikeka. Zikiisha kwa mashine iliyokufa mwaka wa pili, kikundi huvunjika moyo, na pengine huvunjika chenyewe.

Tumeona laptopu nyingi zilizolala kabatini. Ukiuliza ugonjwa wake, mara nyingi si mashine nzima iliyoharibika. Tundu la kuchajia limelegea. Betri imechoka. Vumbi limejaa. Fundi anasema kipande hicho kimeshikanishwa na vingine, hakitoki. Basi kasoro ndogo kama punje inazika mali ya watu ishirini.

Sasa tujiulize, vitu vyetu vingine tunavitunzaje? Mpini wa jembe ukivunjika, tunachonga mwingine. Chekecheke ya kinu cha posho ikitoboka, tunabadilisha chekecheke, kinu kinaendelea kusaga. Baiskeli ya mzee huyu hapa ina magurudumu mapya, mnyororo mpya na kiti kipya, na bado ni baiskeli yake ileile. Kwa nini kompyuta isiwe hivyo?

Iko watu waliojiuliza hivyo. Kule San Francisco, Marekani, Nirav Patel alianzisha kampuni iitwayo Framework, na mwaka 2021 wakaanza kuuza laptopu inayofunguliwa kwa bisibisi moja, ambayo huja pamoja na mashine. Betri, kioo, kibodi na kumbukumbu vyote hutoka. Zaidi ya hayo, pembeni ina nafasi nne za kuchomeka vipande vidogo, kila kimoja kidogo kuliko kiberiti. Kipande kimoja ni cha kuchajia, kingine cha kuchomeka flashi, kingine cha kuunganisha na televisheni, kingine cha waya wa intaneti. Unachomoa hiki, unaweka kile, bila fundi. Tundu la kuchajia likilegea, unabadilisha kipande hicho tu. Wakati mashine ilipotoka, kipande cha namna hiyo kiliuzwa dola 9 kule kwao. Michoro ya vipande hivyo iliwekwa wazi, ili mtu yeyote mwenye ujuzi aweze kutengeneza chake.

Hili la michoro wazi ndilo linalotuhusu sisi. Maana yake hatungoji mtu wa mbali atukisie shida zetu. Na wenzetu hapa Kenya wameshawahi kufanya kazi ya aina hiyo. Mwaka 2013, vijana wa Nairobi walitangaza chombo kiitwacho BRCK, kisanduku cha intaneti chenye betri yake ndani, kilichoweza kutoka kwenye waya hadi mtandao wa simu chenyewe umeme au laini ikikatika. Walikifikiria kwa sababu wao wenyewe waliishi na umeme unaopotea. Anayelala ndani ndiye ajuaye nyumba inapovuja.

Basi katika mikutano tumeuliza: kama kipande kingetengenezwa kwa ajili ya kikundi cha Tana River, kiwe cha kazi gani? Haya ndiyo mawazo yaliyojadiliwa.

Kwanza, kipande cha sola. Betri nyingi za sola majumbani ni za volti 12. Laptopu nyingi zataka volti karibu 20, kwa hiyo hazinywi moja kwa moja. Leo watu hugeuza umeme wa betri kuwa wa ukutani, kisha chaja inaurudisha chini tena, na kila mgeuzo hupoteza umeme. Kipande cha kupandisha volti 12 moja kwa moja kingeokoa betri. Lakini kiwe na fyuzi pamoja na kinga ya waya kugeuzwa, maana waya zikigeuzwa, chanya kwa hasi, mashine yaweza kuungua.

Pili, kipande cha laini ya simu. Mtu asilazimike kuacha simu yake ofisini ili katibu apate intaneti. Laini iwe ya kikundi, na matumizi yaonekane katika hesabu za kikundi.

Tatu, kipande cha mizani. Msimu wa maembe, dalali akinunua kwa gunia lililoshindiliwa, nani anajua kilo ngapi zimeondoka? Mizani nyingi za umeme zina tundu la zamani la kutuma uzito kwenye kompyuta, lakini laptopu za siku hizi hazina tundu linalolingana. Kipande kimoja kingeunganisha wazee na vijana hawa. Uzito ukaandikwa wenyewe, mbele ya muuzaji na mnunuzi.

Nne, kipande cha vitabu vya kikundi. Hapa mazungumzo yalikuwa marefu. Ninyi mnajua sanduku la akiba lenye kufuli tatu: watu watatu hushika funguo, na hakuna awezaye kufungua peke yake. Kipande cha kuhifadhia, ambacho tayari kipo, kinaweza kufanya kazi kama hiyo. Laptopu ikae kwa katibu, kipande chenye hesabu kikae kwa mweka hazina. Katibu bila mweka hazina hafungui vitabu. Na maji yakija, mtu hukimbia na kipande mfukoni kwenda juu. Baada ya mafuriko ya Novemba 2023, na yale ya Aprili na Mei 2024, kuna vikundi vilivyoanika madaftari juani, wino umeyeyuka, na ugomvi wa nani anadaiwa nini ukaanza hapo.

Lakini tahadhari: kitu kidogo hupotea upesi. Kwa hiyo viwe vipande viwili, vinakiliwe kila mkutano mbele ya wanachama, na daftari la karatasi liendelee. Kompyuta ni shahidi wa pili, haifukuzi shahidi wa kwanza.

Tano, kijana mmoja alitaka kipande cha kupima kina cha mto. Wazo ni zuri, kwa sababu Masinga na mabwawa mengine ya juu yakifurika, sisi wa chini ndio tunaoloa. Lakini wazee walisema, nani ataweka laptopu ukingoni mwa Tana? Nguzo yenye alama, mtu wa zamu na simu ya mkononi vyatosha. Tulikubaliana nao. Kipande kisitengenezwe kwa kazi ambayo chombo rahisi zaidi kinaifanya vizuri.

Sasa, je, tunasema kila kikundi kikanunue mashine ile ya Marekani? La. Bei yake ni kubwa kuliko ya laptopu zilizotumika, na vipande vyake vyatoka mbali. Tunachosema ni kwamba tununue kwa akili ileile. Ukienda dukani, hata kwa laptopu iliyotumika, muulize muuzaji haya manne kabla ya kufungua mkoba: Betri inatoka, na nyingine inapatikana wapi? Tundu la kuchajia hubadilishwa peke yake? Kumbukumbu yaweza kutolewa mashine ikifa, ili vitabu vyetu vipone? Fundi wa karibu ana vipuri vya aina hii? Kule Ufaransa, tangu mwaka 2021, laptopu huuzwa ikiwa na alama inayoonyesha urahisi wa kuitengeneza. Huku kwetu alama hiyo tutaiweka sisi wenyewe kwa kuuliza. Muuzaji asiyeweza kujibu, tumwage kwa heri.

Tena kikundi kitenge akiba ndogo ya vipuri tangu siku ya kwanza, kama tunavyofanya kwa kinu na kwa pampu. Na wawili, mmoja wao mama, wafundishwe kufungua mashine, kupuliza vumbi na kubadilisha betri. Ujuzi wa kufungua usikae kwa mtu mmoja anayeweza kuhamia Mombasa kesho.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Kazi gani ya kikundi chetu inahitaji kompyuta kweli, na ipi yatosha daftari?
2. Vitabu vyetu vikiloa usiku wa leo, nakala iko wapi?
3. Nani atashika mashine, na nani atashika hesabu?
4. Kama tungeagiza kipande kimoja kwa fundi wetu, tungeagiza kipi kwanza, na kwa nini?

Mkikubaliana, andikeni majibu katika kumbukumbu za mkutano, na mje nayo tutakapokutana tena.