AMRI INA MWISHO WAKE
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Nimetakiwa niseme juu ya uongozi, nami nimechagua kuchukua mfano wangu jeshini. Najua wamo kati yenu waliokunja uso. Sisi wa visiwa hivi, tuonapo mtu mwenye silaha ya serikali, huikumbuka tarehe 27 Januari 2001 na maiti tuliowazika Pemba. Sikuja kukwambieni msahau. Nimekuja kumtaja mwanajeshi mmoja aliyejua amri yake yaishia wapi.

Mwanajeshi huyo ni Jenerali Venance Mabeyo. Kwao ni Busega, katika nchi ya Wasukuma, wilaya iliyotolewa Magu na kutiwa katika mkoa wa Simiyu ulioundwa mwaka 2012, ambao makao yake makuu ni Bariadi. Wengi wetu Bariadi twaijua kwa pamba, na kwa Mzee John Cheyo wa UDP, aliyegombea urais mwaka 1995 na 2000, wakati upinzani wa Bara ungali mchanga. Si vibaya kuijua Simiyu kwa jambo la pili.

Mabeyo alitumikia jeshi kwa zaidi ya miaka 40, na mwaka 2017 akafanywa Mkuu wa Majeshi. Alianza kazi katika zama ambazo jeshi na chama tawala vilikuwa kitu kimoja, na askari alikuwa na kadi ya chama mfukoni. Mwaka 1992 mambo hayo yalikatazwa, na Ibara ya 147 ya Katiba haimruhusu mwanajeshi kuwa mwanachama wa chama chochote. Lakini sheria hubadilika kwa siku moja, na mazoea ya mtu hayabadiliki hivyo.

Sasa sikilizeni. Mwezi Machi 2024, akiwa amekwisha staafu, Jenerali alisimulia hadharani siku ya mwisho ya Rais Magufuli, tarehe 17 Machi 2021, katika hospitali ya Mzena, Dar es Salaam. Rais alikwisha kata tamaa ya kupona. Akamtaka Mkuu wa Majeshi awaamuru madaktari wamrudishe nyumbani akafie huko. Jenerali akamjibu kwamba hana mamlaka hayo. Mambo ya tiba ni ya madaktari.

Mabwana, lipimeni jambo hilo. Anayeomba ni Amiri Jeshi Mkuu, naye yu katika kufa. Anayeombwa ana majeshi yote ya nchi chini ya mkono wake. Madaktari wangethubutu kumkatalia? Wala ombi lenyewe halikuwa la dhulma. Ni nani asiyependa kufia kwake? Hata hivyo akakataa, kwa sababu nishani zilizo kifuani hazimfanyi mtu kuwa tabibu. Mimi naliona jambo hili kuwa zito kuliko vita alivyovisomea.

La pili lilikuja usiku ule ule. Makamu wa Rais, Bibi Samia Suluhu Hassan, alikuwa ziarani Tanga. Jenerali alieleza kwamba palikuwa na mvutano kabla ya kiapo, na kwamba walikuwapo ambao hawakutaka Katiba ifuatwe. Katiba ikafuatwa, na tarehe 19 Machi Bibi huyo wa Makunduchi akaapishwa. Msinielewe vibaya: hesabu zetu na serikali yake tunazo, na hatukuzifuta. Ninachosema ni kwamba mwenye bunduki alisimama upande wa maandishi. Haki hiyo hiyo ndiyo tunayoidai hapa kila uchaguzi, nayo hatujapewa.

Nasi pia tulipatwa. Mwezi mmoja kamili kabla ya siku ile, tarehe 17 Februari 2021, Maalim Seif alitutoka. Mwanzoni mwa Machi Ndugu Othman Masoud akaapishwa kushika nafasi ya Makamu wa Kwanza wa Rais. Chama hakikuvunjika. Lakini hapa chini, kwenye matawi, mambo si hivyo. Yuko mwenyekiti anayelala na daftari la wanachama chini ya mto, na mwengine anayemwamuru mshika fedha kutoa pesa bila ya hati, eti kwa kuwa yeye ndiye mkubwa. Huyo akipewa majeshi atafanya nini?

Tarehe 30 Juni 2022 Jenerali Mabeyo alimaliza kazi, na siku hiyo hiyo Jenerali Jacob Mkunda akaapishwa kushika mahali pake. Sisi uchaguzi wa tawi umekwisha tangu mwezi uliopita, na daftari na kisanduku cha ada bado viko kwa viongozi waliotoka. Naomba, kabla ya kufunga mkutano huu, Katibu ataje siku ya makabidhiano, na majina ya mashahidi wawili yaandikwe.